Zimwi Lililofumba Macho

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye usingizi?
Akalale kwao!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale palikuwa na Bi Kazija, msuka mikeka, na binti yake Mize, mtoto wa miaka mitano. Mikeka yake mizuri, sikatai. Lakini mchezo aliuchukia!

Watoto wakapita: "Mize, twende tukacheze kombolela!"

"Mize anasuka," akajibu mama.

Kesho yake wakaja. "Mize anasuka." Siku ya tatu je? Semeni nyinyi.

Mize anasuka!

Enhe. Ila mama akiingia jikoni tu, Mize huyo, mbio, kajificha na wenzake nyuma ya banda la kuku. Msimwambie mtu.

Siku moja wakaenda porini kukata ukindu wa mikeka. Mama kainama, kainuka, mtoto hayupo. Limemchukua zimwi! Limemweka juu ya jiwe, linawasha moto.

Mize alitaka kulia. Lakini akauliza, "Babu, unajua kombolela?"

"Ndiyo nini?"

"Hukucheza hata utotoni?"

Zimwi likainamisha kichwa. "Mama alikataa. Alisema mchezo haujazi tumbo."

"Maskini! Basi tucheze mara moja, ndipo unile. Fumba macho, uulize, 'Tayari?' Nikisema 'Bado', usifumbue. Nikisema 'Tayari', unitafute."

Likafumba. Lilivyofurahi, miguu ilikuwa haitulii!

"Tayari?"
"Bado!" Mize yuko nyuma ya jiwe.
"Tayari?"
"Bado!" Yuko kwenye ukindu.
"Tayari?"
"Bado!" Sauti ndogo, kule bondeni.

Bi Kazija alikuwa akilia, akifunua kila kichaka, aliposikia "Bado!" hiyo ya tatu. Akatupa mundu, akaikimbilia sauti, akamkumbatia mwanawe, mzima, vumbi tupu, vidole vyote kumi. Akacheka huku machozi yanamtoka. Jamani, alishukuru! Mize akamsimulia yote.

"Nani kakufundisha ujanja huu?"

"Nyuma ya banda la kuku, mama."

Bi Kazija akamshika mkono, wakarudi nyumbani.

Jioni watoto wakapita. "Mize, twende!"

Bi Kazija akaweka chini ukili aliokuwa akisuka. "Mize anakuja. Na mimi nijifiche wapi?"

Na zimwi? Lipo pale pale, limefumba macho, linasubiri. Mkipita huko mkasikia "Tayari?", mtajibuje?

Bado!

Hivyo hivyo. Ngano nimeikunja, anayeitaka akaitandike kwao.