Diwani Mwinyikondo na Barabara Iliyokwisha

Diwani Mwinyikondo alikuwa ametangaza mara nyingi mno kwamba barabara ya Bondeni imekwisha na vijana wamepata ajira, hata mwenyewe akaamini. Hakuwahi kushuka kuitazama.

Mashavu, muuza mihogo, alipoingia kugombea udiwani akiuliza ajira zenyewe ziko wapi, Mwinyikondo alimfuata kibandani.

"Jitoe, Mashavu. Tena kesho kwenye mkutano wa Bondeni unipigie debe hadharani, la sivyo kibanda hiki nakivunja."

Mashavu akageuza mihogo kwenye mafuta. "Nishindane na wewe, nimerogwa? Naomba jambo moja tu, Mheshimiwa. Ushuke Bondeni kwa miguu, kina mama wakutandikie kanga mpaka jukwaani, kama mgeni wa heshima."

Diwani akacheka mpaka magego yakaonekana.

Kesho yake alishuka na suti nyeupe, vigelegele vikimlaki. Kanga zilikuwa zimetandikwa njia nzima, zimebanana, udongo hauonekani hata kidogo. Akapunga mkono huku, akapunga kule, mara akazama kwenye tope mpaka magotini. Alipojitahidi kujinasua, likamfika kiunoni.

"Vijana!" akapiga kelele. "Leteni majembe mnitoe!"

Vijana walikuwapo tele, wamekaa ukutani, majembe mapajani. Hakuna aliyenyanyuka. Wote walimgeukia Mashavu, aliyekuwa jukwaani ameshika kipaza sauti.

"Majembe ya nini tena, Mheshimiwa?" akauliza kwa upole. "Kazi ya barabara hii si ulisema imekwisha?"