Nani Aliwaita Bweha?

Hii nimeipata kwa dada yangu anayeishi Dodoma, nami sikuona vema nikae nayo peke yangu. Isome ukiwa umetulia, kisha mpitishie jirani yako, hasa yule anayefuga mbwa au paka.

Pembezoni mwa mji, pale nyumba za bati jipya zinapokutana na vilima vya mawe, kulikuwa na mtaa ambao haujatimiza hata miaka minane. Watu walijenga, wakahamia, wakafuga. Huyu paka, yule mbwa, mwingine sungura wa watoto.

Kisha bweha wakaanza kushuka.

Mwanzoni walionekana kwa mbali jua likizama, wembamba, masikio yamesimama. Watu wakawa wanawapiga picha. Baadaye sungura wa fundi seremala wakaisha mmoja mmoja. Paka watatu hawakurudi nyumbani. Picha zikakoma.

Mtaani hapo aliishi Mzee Yoramu, mgane aliyekuwa fundi wa reli. Masikio yake yalikufa zamani kwa kelele za karakana. Alikuwa na mbwa mdogo wa rangi ya udongo. Mgeni akibisha hodi, mbwa alimvuta mzee suruali. Pikipiki ikija nyuma yao barabarani, mbwa alisimama mbele ya miguu ya mzee akakataa kusogea. Mzee alimwita Kipaza, yaani kipaza sauti.

"Haya ndiyo masikio yangu," alipenda kusema. "Yalitoka kichwani yakaota miguu."

Alfajiri moja Kipaza alitoka uani kujisaidia. Bweha wawili walikuwa nyuma ya tangi la maji. Mbwa alilia sana, lakini bwana wake hakusikia. Aliyesikia ni jirani wa ukuta kwa ukuta, Mwalimu Sechelela, mama mstaafu aliyefundisha jiografia miaka thelathini na miwili. Alitoka na ufagio, kanga kifuani, akapiga kelele mpaka bweha wakaruka ukuta.

Mbwa alikuwa hai, ila paja lilikuwa limechanika na sikio moja linaning'inia. Mzee Yoramu alimbeba kifuani kama mtoto mchanga, damu ikimlowesha shati, akawa anauliza tu, "Alilia? Mwalimu, alilia?"

Mwalimu alikimbilia kumwita bwana mifugo.

Bwana mifugo alimshona Kipaza, akamchoma sindano ya kichaa cha mbwa, akasema, "Atapona. Lakini wakimrudia akiwa hivi, hamtaniita mimi. Mtamwita mwenye jembe."

Jioni ile mtaa mzima ulikutana. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Malogo, alikuja na dawa yake mkononi: mfuko wa sumu.

"Tunapaka kwenye nyama, tunatupa kando ya korongo," alisema. "Siku mbili, habari yao kwisha."

Watu walipiga makofi. Mwalimu Sechelela akasimama.

"Mwenyekiti, nyama ile itamjuaje bweha na mbwa wetu? Na mtoto anayetambaa, anayeokota kila kitu, itamwambia asiile?"

"Mwalimu, shida tunaijua. Wewe una njia nyingine, au una maneno tu?"

"Ninayo. Bweha ana mlima mzima wenye panya na kware. Haachi vyote hivyo akaja kwa watu bila kuitwa. Yupo anayewaita. Nipeni siku saba nimpate."

"Na usipompata?"

"Nyama ya sumu nitaikata kwa mkono wangu mwenyewe."

Mwenyekiti alitazama huku na huku. "Siku saba," akasema. "Ya nane sitaki kusikia neno."

Kesho yake kabla ya jua Mwalimu alichekecha majivu ya jikoni, akayatia kwenye ndoo, akaenda kuyamwaga kidogo kidogo kila mahali anapoweza kupita mnyama: kwenye mtaro, kwenye matundu ya kuta, mbele ya nyumba ambazo hazijamalizika. Kulipopambazuka alirudi na daftari kusoma nyayo.

Siku ya kwanza nyayo zilimpeleka nyuma ya bucha la Kepha. Palikuwa na lundo la mifupa na matumbo, nzi wamelifunika.

Kepha aliona daftari akakunja uso. "Mwalimu, unataka kunifungia bucha?"

"Nataka uchimbe shimo la kuzikia huu uchafu."

"Nichimbe saa ngapi, na wateja hawa?"

"Sasa hivi. Nimekuja na sururu. Wewe ukihudumia, mimi nachimba."

Kepha aliona aibu kumtazama mama wa umri ule akipiga sururu. Akavua aproni. Hadi saa nne shimo lilikuwa limemfika kifuani, na mfuniko wa mbao juu yake.

Mwalimu hakuishia hapo. Alimwonyesha fundi seremala namna bweha alivyochimba chini ya banda, wakazika wavu ardhini kiasi cha mkono mzima. Alipita nyumba kwa nyumba. "Paka aingie ndani kabla ya magharibi. Mbwa mdogo asitoke alfajiri peke yake, mtu atoke naye na fimbo. Pipa lifunikwe. Kichaka hiki kifyekwe." Nyumba tupu ambamo bweha walikuwa wakijificha mchana, aliomba vijana waizibe madirisha kwa mabanzi.

Wengine walimcheka. "Mwalimu amekuwa askari wa bweha," walisema. Magoti yalimuuma hata akawa anapanda ngazi za jikoni kwa kushika ukuta. Alfajiri ikifika alichukua ndoo yake.

Siku ya nne majivu ya nyuma ya bucha yalikuwa laini, hayajakanyagwa. Mwalimu alifurahi. Lakini siku ya tano aliona jambo lililomtia wasiwasi. Nyayo zilikuwa zimepungua kila mahali, isipokuwa njia moja. Huko zilikuwa nyingi kuliko mwanzo, na zote zilielekea upande mmoja.

Alizifuata. Zilitoka korongoni, zikakata uwanja, zikapita ukuta wa Mzee Yoramu. Akadhani ni kwa mzee. Ila hazikuingia kwa mzee. Zilikwenda hatua kumi zaidi, zikapita chini ya geti la nyuma, lile lililoachana na ardhi, zikaingia kwake mwenyewe.

Mwalimu alifungua geti. Nyayo zilizunguka sahani ya bati iliyokuwa karibu na mlango wa jikoni.

Tangu alipostaafu, miaka mitano sasa, kila jioni Mwalimu aliweka hapo ugali na dagaa kwa ajili ya paka wasio na mwenyewe. Mtaa mzima ulimsifu kwa huruma ile. Yeye aliweka, akafunga mlango, akaenda kusali. Asubuhi alikuta sahani tupu, akafurahi kuwa paka wameshiba. Hakuna jioni hata moja aliyokaa kutazama nani anayekula.

Alikaa kwenye ngazi, majivu mikononi. Wazo likamjia, naye hakulifukuza mara moja. Angeiosha sahani ile, angeificha kabatini, angeziba chini ya geti. Nyayo zingekwisha. Mtaa ungemshukuru. Na lawama? Watu walikwishampa Kepha.

Siku ya sita jioni hakuweka chakula. Alikaa mlangoni akasubiri. Jua lilipogusa vilima, bweha alipenya chini ya geti. Hakunyata. Alikuja kama anayekuja kwake, akaikuta sahani tupu, akaketi, akamtazama Mwalimu usoni. Alikuwa mzuri, manyoya ya mgongoni kama moshi.

Mwalimu alinyanyua sufuria na mwiko akapiga kwa nguvu zake zote.

Bweha alirudi hatua mbili, akasimama. Hakuelewa. Siku zote hapa palikuwa pa amani.

"Toka!" Mwalimu alipiga tena. "Hapa si kwako! Nenda zako mlimani!"

Akamrushia maji, akamfuata hadi nje ya geti, akapiga sufuria huku machozi yanamtoka, akamkimbiza na magoti yake mabovu mpaka ukingoni mwa korongo. Bweha alitokomea bila kugeuka. Majirani waliochungulia walidhani Mwalimu amerukwa na akili.

Siku ya saba watu walijaa kuliko mara ya kwanza. Mfuko wa sumu ulikuwa mezani mbele ya mwenyekiti.

"Mwalimu, umempata?"

"Nimempata."

"Ni nani?"

Kabla hajajibu, macho yote yalimgeukia Kepha. Kepha aliinamisha kichwa, kisha akaanza kunyanyuka kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

"Kaa chini, Kepha," Mwalimu alisema. "Ni mimi."

Aliitoa sahani ya bati kwenye kanga akaiweka mezani, karibu na sumu. Akaeleza yote, hata lile wazo la kuificha kabatini. Kisha alikwenda kusimama mbele ya Mzee Yoramu, uso kwa uso, ili mzee aweze kusoma midomo yake.

"Kaka yangu, wanyama waliomrarua Kipaza niliwalea mimi. Sikujua, lakini nililea. Naomba unisamehe."

Mzee alisoma midomo yake hadi neno la mwisho.

"Mwalimu," akasema kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia, "mimi maganda yangu ya mapapai, na ugali uliolala, huwa natupa wapi?"

Akanyoosha kidole upande wa nyumba yake.

"Nyuma ya tangi la maji! Kila siku! Hao bweha walikuja kwako kula ugali, kwangu wakaja kula matunda!"

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi. Na kicheko kilipotulia, midomo ikafunguka. Fundi seremala alisema mwanzoni alikuwa akiwatupia ngozi za nyama ili awaone kwa karibu. Mama mmoja alisema huacha chakula cha mbwa nje tangu asubuhi. Mwenyekiti Malogo alikuwa wa mwisho. Alikohoa.

"Kwangu," alisema taratibu, "pipa halina mfuniko tangu Pasaka."

Mfuko wa sumu ulipelekwa kwa bwana mifugo akauteketeze.

Misimu miwili ya mvua imepita. Bweha hawakuisha. Wako vilimani, wanakula panya, na mkulima yeyote wa pale atakwambia mahindi yake yamepona. Lakini tangu siku ile hakuna paka wala sungura aliyepotea. Kipaza anachechemea kidogo, ila kazi yake anaifanya. Wale paka wa Mwalimu, wawili walihamia ndani ya nyumba, wa tatu yuko kwa Kepha, amenenepa.

Juzi jirani mpya alimkuta Mwalimu akipiga sufuria korongoni kumfukuza bweha, akamwambia, "Shikamoo mama. Lakini kwa nini unamtisha? Mnyama mzuri vile, hakukufanya kitu."

"Marahaba mwanangu," Mwalimu alijibu akihema. "Akituzoea atakufa yeye, au atakufa wa kwako. Namfukuza ili wote waishi."

Funzo: Kabla hujaandaa sumu ya kumuua adui anayeingia kwako, angalia kwanza ni mkono wa nani unaomwekea chakula, na ukikuta ni wako, uwe na ujasiri wa kusema.