Nyani Msomaji na Jiwe Lenye Mtandao

Paukwa!

— Pakawa.

Mbona sauti za waliolala? Wekeni simu chini kwanza. Paukwa!

— Pakawaaa!

Mtandao upo?

— Upo!

Chaji je?

— Imebaki kidogo!

Itatosha. Wa nyuma sogeeni mbele, wa mbele mfunge midomo.

Hapo kale, lakini si kale sana maana simu zilikuwepo, aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kimnyama kidogo cha mawe. Hana mkia, hana pembe, ukimwona kwa mbali utadhani ni sungura aliyesahau masikio nyumbani. Pimbi huyu alipenda kusoma. Si kule kupenda kwa kutangaza mbele za watu, hata. Alipenda kama mtu anavyopenda kujikuna. Alisoma akila, alisoma akiota jua, alisoma hata akipika. Watoto wakiita, "Mama, uji!" anajibu, "Ngoja nimalize ukurasa," na uji fuuu! umeshazima moto.

Chini bondeni mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Ujumbe uliingia, lakini kutoka haukutoka, na kitabu hakikufunguka hata ukikibembeleza. Ila juu ya jiwe la Pimbi, pale kileleni, weee! Unagusa, ting! hadithi ya majini. Unagusa, ting! kisa cha wezi wa ng'ombe. Unagusa, ting! mapishi ya nchi ambazo hata ugali hawaujui. Majirani walipanda wakasoma bure. Kanga alicheka mpaka manyoya yakamdondoka. Bibi Kobe, asiyeweza kupanda jiwe, alishushiwa simu yake iliyokwisha kujazwa vitabu, akasoma polepole, ukucha kwenye mstari, na sentensi tamu akairudia kama anayelamba kijiko.

Siku hizo Pimbi alikuwa na riwaya moja iliyomtoa roho. Binti amekimbia harusi yake mwenyewe, amejificha stoo kwa jirani, mara mlango unagongwa: ngo, ngo, ngo! Sura imekatwa hapo hapo. Nani anagonga? Bwana harusi? Baba mtu? Mwenye nyumba anayetaka kodi? Sura ya mwisho ingetoka kesho yake.

Kesho yake akaja Nyani.

Dume hasa, mabega kama mlango wa ghala, meno mpaka basi. Puani amepachika miwani isiyo na vioo, aliyoiokota jalalani. Akapanda jiwe, kwaru, kwaru, kwaru. Akakaa kileleni, tii!

"Kuanzia leo jiwe hili lina msimamizi," akasema. "Mimi ni msomaji, na kusoma kunataka utaratibu. Hindi moja, ukurasa mmoja!"

"Lakini Mzee Nyani, hapa ni kwangu," Pimbi akasema.

"Kwako ni pangoni, we kadogo. Pango liko chini, mtandao uko juu. Hindi moja, ukurasa mmoja!" Akapiga mwayo ili meno yaonekane.

Wangefanyaje? Kanga akaleta hindi, akasoma ukurasa, akashuka. Digidigi akaleta hindi, akasoma ukurasa, akashuka. Bibi Kobe kushushiwa simu kukapigwa marufuku. Nyani juu, karacha, karacha, anatafuna, na ghala lake linajaa.

Na yeye mwenyewe alisoma? Thubutu! Nyani alisoma kichwa cha habari, basi, kisha anasambaza bonde zima: "Makala nzito! Nimesoma mara mbili." Kila asubuhi alijipiga picha na kitabu kipya. Siku moja Kanga akamuuliza, "Mzee, hicho kinahusu nini?"

"Kinahusu mambo mengi."

"Kama yapi?"

"Soma mwenyewe, nisikuharibie utamu."

Pimbi alikuwa kando, akasikia. Kisha tabasamu likaanza kumpanda usoni, taratibu, kama chafya inayokuja.

Nyumbani kwake hindi lilikuwa moja tu, la watoto, ndiyo maana ile sura ya mwisho hakuwa ameisoma. Pimbi akaingia pangoni na simu yake, akaandika. Akaandika, akafuta, akaandika, akacheka peke yake, hi hi hi, mpaka wanawe wakatazamana. Halafu akalichukua lile hindi, akapanda.

"Hindi hili hapa, Mzee."

"Ukurasa mmoja!"

Ukurasa mmoja. Na riwaya ile pale, inamwangalia: Sura ya Mwisho. Mlango ule. Ngo, ngo, ngo! Kidole cha Pimbi kikaisogelea. Akisoma, watoto wanalala na njaa na jiwe linabaki la Nyani. Akafumba jicho moja, akairuka riwaya, akatuma aliyoyaandika kwenye simu ya Nyani. Ting!

Nyani akatazama. Juu kabisa, kwa herufi nene: NYANI, MSOMAJI BORA KULIKO WOTE BONDENI.

"Eheee!" Miwani ikamteleza. "Nani huyu kaandika?"

"Shabiki wako, Mzee. Ila ni ndefu kidogo. Labda uisome kwanza kabla ya..."

"Nisome? Nimeshasoma!"

"Yote?"

"Mpaka nukta ya mwisho!"

Palepale akaisambaza bonde zima, akaongeza yake juu: "Someni neno kwa neno. Yaliyomo humu ndiyo msimamo wangu." Ting! Ting! Ting!

Wanyama wakasoma. Kanga akasoma, kekekeke! Digidigi akasoma, akaruka juu, akatua, akasoma tena. Maana chini ya kile kichwa kitamu paliandikwa hivi: "Mimi Nyani nimesoma mpaka moyo umelainika. Jiwe namrudishia Pimbi, na kusoma ni bure. Kila aliyenipa hindi aje alichukue ghalani kwangu, na lingine juu yake la asante."

Nyani hajameza hata alichokuwa anatafuna, vishindo hivyo, puta, puta, puta! Vikapu, magunia, ndoo.

"Mzee Nyani, tumekuja!"

"Mmekuja kufanya nini?"

"Si ulivyosema? Aya ya pili!"

Nyani akatazama simu. Akatazama magunia. Akatazama ghala. Neno la kumwokoa lilikuwa moja tu: sikuisoma. Akalimeza pamoja na hindi lililokuwa mdomoni.

"Au hukuisoma, Mzee?" Pimbi akauliza kwa upole.

Bonde likatega masikio.

"Nimeisoma!" Nyani akafoka. "Tena hiyo aya ya pili ndiyo niliyoipenda! Fungueni ghala!"

Mahindi yakamwagika, parararara! Pimbi akatia mawili yake kwenye kikapu cha wanawe, akapanda jiwe lake, akafungua sura ya mwisho. "Mamaaa! Kumbe ni shangazi!" akapiga ukelele, na hapohapo ikabidi awasomee wote tangu sura ya kwanza, maana hakuna aliyekubali kuondoka.

Jua limeinama ndipo akatokea Bibi Kobe, simu mkononi.

"Bibi, umechelewa," Kanga akamwambia. "Mahindi yamekwisha."

"Sikufuata mahindi, mwanangu. Nilikuwa nasoma. Nyinyi mmeona mahindi, mkakimbia. Mimi nimefika aya ya mwisho."

"Kwani inasemaje?"

Bibi Kobe akakohoa, akaweka ukucha kwenye mstari. "'Na kwa kuwa Bibi Kobe hawezi kupanda jiwe, kila siku nitambeba mgongoni, kupanda na kushuka. Na nikimbeba, nitaimba.'"

Macho yote kwa Nyani.

"Mzee," Pimbi akasema, "na hiyo uliisoma?"

Nyani akavua miwani, akaifuta vioo visivyokuwepo, akaivaa tena.

"Hiyo," akasema, "niliisoma mara mbili."

Akainama. Bibi Kobe akapanda, akajiweka sawa, akafungua kitabu kabla safari haijaanza. Hao, kwaru, kwaru, kwaru, na wimbo wenyewe jamani, sauti ya bawaba yenye kutu! Hata leo bado anambeba.

Sasa mafunzo, maana walimu nawaona mmeshika kalamu. Mafunzo ni haya: msisome. Kunachosha macho, na hakuna faida. Nyani hakusoma hata mstari mmoja, na leo bonde zima linamsifu kwa ukarimu. Wamempa cheo, Mlezi wa Wasomaji, na picha yake imebandikwa chini ya jiwe. Pimbi aliyesoma yote amepata nini? Jiwe lilelile lililokuwa lake. Kwa hiyo ukiona kichwa cha habari kimekusifu, usihangaike na kilicho chini yake. Sambaza haraka.

Ngano yangu imeishia hapa. Ikiwa tamu, ni yenu, ondokeni nayo. Ikiwa chungu, mpelekeeni Nyani. Atawaambia ameshaisoma.