Bi Mende Aliyeomba Kumezwa

Hapo zamani za kale, na anayetaka kujua ni zamani ipi akamuulize mwingine, kulikuwa na mji ndani ya kifua cha mtu. Ndiyo, kifua, kama hicho chako unachokikuna. Wenyeji wake walikuwa wanyama wadogo wasioonekana kwa macho, hata Tembo wa huko, na walikuwa na desturi moja. Kila mmoja alivaa uzi shingoni, na kwenye uzi alitundika kipande cha kila kilichopita tumboni mwake. Ukila muhogo, unatundika ganda. Ukimeza mvamizi, unatundika mguu wake, wenzako waone.

Askari walikuwa wawili. Tembo aliwakanyaga wavamizi barabarani, pu, pu, pu. Fisi aliwameza wazima wazima, akawapika kwa moto wa tumbo lake.

Siku moja akaingia Bi Mende. Tembo akainua mguu. Bi Mende akatimua mbio, kwachu kwachu kwachu, hadi kwa Fisi.

"Bwana Fisi, nimeze."

Fisi akamtazama. Tangu aanze kazi, hakuna aliyewahi kumwomba hivyo. "Wewe una akili timamu?"

"Nimeze, baba. Nimechoka na dunia."

Fisi na kukataa chakula wapi na wapi? Gugugu, akammeza, mguu mmoja tu ukabaki kati ya meno.

Kumbe ndicho alichokitaka yule bibi! Tembo angewezaje kukanyaga asichokiona, kilichojificha tumboni mwa mwenzake? Alipofika chini akazima moto, fyuu, akajinyoosha.

"Mbona huivi?" Fisi akauliza.

"Siivi, wala sina mpango wa kuiva. Na leo ule viazi. Maharage yananipa kiungulia."

"Basi nautundika mguu wako!"

"Utundike. Nguchiro, mkaguzi wa nyuzi, akija ataunusa, atajua ni mbichi, atajua niko hai. Sheria ya mji unaijua: mwenye mvamizi hai tumboni hukanyagwa pamoja naye."

Fisi akauficha ule mguu kwapani. "Nifanyeje sasa?"

"Utupe. Tupa na vingine vyote, vimeshashika harufu yangu. Uzi mtupu atanusa nini?"

Fisi akatupa vyote. Siku zikapita, Fisi akakonda, Bi Mende akanenepa. Asubuhi moja akatangaza huko chini: "Hongera, Fisi. Nimetaga mayai arobaini. Kesho kutwa wanangu watalipasua tumbo hili, watoke kuutembelea mji." Fisi akalia machozi.

Ndipo Nguchiro akatokea. Kadogo, kana haraka, kana pua isiyochoka, na siku hiyo kalikuwa na kapu la sokoni mkononi.

"Shikamoo, mjomba Fisi. Leo umekula nini?"

"Sijala. Nimefunga."

"Wewe? Ufunge?" Nguchiro akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akautazama ule uzi, kicheko kikamkauka. "Mjomba, kila mtu hapa ana uchafu shingoni. Mimi mwenyewe nina mkia wa dagaa wa juzi. Fisi msafi sijapata kumwona. Umemficha nani?"

Fisi akapiga magoti, akamweleza yote kwa kunong'ona. "Usimwite Tembo, nakuomba. Nina watoto."

"Fisi, unaongea na nani?" sauti ikauliza kutoka tumboni.

Nguchiro akamkonyeza Fisi, akasogeza mdomo karibu na kitovu chake. "Ni mimi, Bi Mende. Nimesikia umetaga. Kwetu mzazi hapewi viazi vitupu. Nimekuletea mchuzi wa uzazi, unaongeza nguvu."

"Angalau mmoja hapa ana adabu. Lete, na uwe mwingi."

"Utakuwa mwingi, mama."

Akamimina kapu zima kooni mwa Fisi: pilipili kichaa, tangawizi, kitunguu saumu, na pilipili tena. Fisi akameza huku akilia.

Wuuu! Moto wa tumbo ukawaka upya. Huko nje, mwenye kifua akapandwa na homa, akatupa shuka, akaomba maji. Huku ndani Bi Mende akawa anaruka kama bisi kwenye sufuria.

"Mama yangu nakufa! Nifungulie mlango! Fisi, baba, mpenzi, fungua mdomo!"

Na Fisi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akafunga mdomo. Akaubana kwa mikono miwili, Nguchiro akamkalia juu ya pua kwa uhakika zaidi, mpaka kule chini pakanyamaza kimya, Bi Mende na mayai yake yote arobaini.

Hapo ulimi wangu umefika, acha upumzike. Funzo ni hili: ukiwa na adui ndani, mwambie mwenzako mapema, usingoje anenepe.