Kidonge Nilichokaribia Kuonja

“Dawa haimjui mgonjwa.” Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo jirani aliyekuja kuomba vidonge vyake vya presha, nanyi mmenijia mbio kuniuliza methali hiyo imetoka wapi. Kaeni. Ilianzia katika nyumba hii hii.

Babu yenu Senzota aliugua ukoma. Alitibiwa, lakini vikabaki vinundu vilivyomchoma mwili mzima, hata shuka hakuweza kujifunika. Muuguzi wa zahanati, Eliwaza, akampa vidonge vipya. Akamuuliza kwanza, “Mkeo ana mimba?” Babu yenu akajibu hana. Hakudanganya. Kwetu mimba changa haitangazwi, na aliyejua ni mama mkwe peke yake, aliyenisindikiza zahanati juzi yake.

Sasa, enzi hizo mke hakumpa mume dawa asiyoionja yeye kwanza mbele ya wakwe, isije ikasemwa amemtilia sumu. Mama mkwe akakaa, mashemeji wakakaa. Nikakivunja kidonge, nikainua kipande kinywani.

Ndipo Eliwaza akaingia bila hodi. Bila hodi! Akanipiga kikumbo, kipande kikaangukia majivuni.

Mama mkwe akaruka. “We binti! Unaingia nyumba za watu kama mbuzi?”

Eliwaza alikuwa akihema. “Nimefungua daftari la wajawazito, nimekuta jina la Nakiete, mwenzangu aliliandika juzi,” akasema akininyooshea mimi kidole. Kisha akapandisha mkono wa kushoto wa gauni lake. Sote tulijua mkono wake ule uliishia kwenye kiwiko. Tulidhani ni ajali, na adabu ilituzuia kuuliza. “Mama yangu alipewa dawa hii akiwa na mimba yangu, imtulize kichefuchefu. Nikazaliwa hivi. Wenzangu wengi waliozaliwa kwa dawa hii hawakuishi.”

Nikakaa chini nimeshika tumbo. Jamani, kipande kile kilishanigusa mdomo!

Babu yenu akasema kwa shida, “Na sumu hiyo ndiyo unayonipa mimi?”

“Ndiyo, kaka. Ilipigwa marufuku, kisha madaktari wakagundua kwamba inatuliza vinundu kama vyako. Wewe itakusaidia.”

Mama mkwe, ambaye hakuzoea kushindwa, akasema, “Basi nitaonja mimi. Uzazi nimeshauaga.”

“Hata wewe usionje, mama. Dawa haimjui mgonjwa. Haijui huyu ni nani, anaumwa nini, wala tumboni mwake yumo nani. Kumjua ni kazi yetu.”

Tangu siku ile kuonja dawa kukakoma nyumbani kwetu. Eliwaza akawa anakuja kila asubuhi kumpa babu yenu kidonge, na kabla mwezi haujaisha akaweza kujifunika shuka.

Siku zangu zilipotimia, Eliwaza ndiye aliyempokea mama yenu. Hakuniambia ni wa kike au wa kiume. Alimfunua mikono kwanza, akahesabu vidole, akavihesabu tena, kisha akalia mpaka nikaogopa. “Vimetimia, Nakiete,” akasema. “Vyote vimetimia.”

Ndiyo hiyo mikono inayowapikia. Kwa hiyo mkimwona mama yenu akimnyima jirani vidonge, msiseme ana choyo. Dawa haimjui mgonjwa.