Dume la Machibya

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kugombania wakulima kama mashemeji wanaogombania bibi harusi, Machibya wa Nkoma aliuza pamba yake Bariadi, akalala mjini siku tatu. Alirudi na redio, miwani ya jua na kisonono. Viwili vya kwanza alivionyesha kijiji kizima. Cha tatu alikificha.

Kila alipokojoa alikumbatia mti kama mtu anayevuka mto uliofurika. Zahanati ilikuwa jirani, lakini mganga wake alikuwa Mariana, mama mzazi wa mkewe Ng'washi. Msukuma gani amfungulie mkwe suruali? Akaenda duka la dawa za mifugo la Joakim.

"Dume langu linaumwa," alinong'ona. "Likikojoa, linalia."

"Lina umri gani?"

"Miaka ishirini na minane."

Joakim alimtazama juu hadi chini. "Ng'ombe huyo si wa dawa, ni wa makumbusho! Mlete kesho nimhasi, koleo ninalo."

Machibya alibana magoti. "Hakuna njia nyingine, ndugu yangu?"

"Ipo. Dume lenye mke hutibiwa na Mariana. Likichelewa, yeye na mkewe wanaweza kukosa mtoto maisha yao yote."

Maneno hayo yalimchoma kama mkuki. Ng'washi alikuwa mwaka wa pili akiisubiri mimba. Kesho yake asubuhi Machibya aliingia zahanati, uso ukutani.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama mkwe kwa Kisukuma.

"Ukuta hauumwi, baba. Kaa. Hapa sina mkwe, nina mgonjwa."

Akasema yote, jasho likimtiririka. Mariana akampa dawa. "Sasa mlete mwenzio. Ukitibiwa peke yako, mtarudishiana."

"Si umwambie wewe, mama?"

"Kwani mjini nilikutuma mimi?"

Jioni alimwambia. Ng'washi aliusukuma ugali kando. "Watu wananiita mgumba, nawe umekaa na hilo kimya!" Usiku huo Machibya alilala juu ya magunia. Asubuhi mke alitangulia zahanati, mume nyuma kama ndama. Wote wakamaliza dawa, wakangoja mpaka Mariana aliporidhika kwamba wamepona.

Pamba ya mwaka uliofuata ilipopasuka, Mariana huyo huyo alimpokea mjukuu kwa mikono yake. Machibya, aliyesimama nje akisikiliza kilio cha mwanawe, hakuhitaji tena mwalimu wa kumweleza kwamba mficha uchi hazai.