Meno ya Igholwa

Kaeni vizuri, na mwenye usingizi akanawe uso, kwa sababu mwisho wa hadithi hii sitaumalizia mimi. Nitawaachia ninyi, na msije mkanilaumu.

Katika kijiji cha Igholwa, upande mkavu wa Singida, waliishi watu watatu wenye vipaji vitatu. Bi Mwajabu wa kitongoji cha Mkuyuni alijaliwa kuaminiwa na kila mtu. Hango wa Mawe Matatu, mchimba visima, alijaliwa kutoogopa shimo. Na Zamda wa Majengo, binti aliyesomea kompyuta Dodoma, alijaliwa kuifundisha mashine ikafundishika.

Watu wa Igholwa wana meno ya kahawia. Tangu zamani waliamini hiyo ndiyo alama ya mzaliwa wa pale, na bibi harusi aliyekuja na meno meupe alitaniwa kwamba bado ni mgeni. Ila kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitania. Watoto walipinda miguu, na watu wazima wakifika hamsini migongo iligoma kunyooka. Wakalaumu uchawi, wakalaumu ukoo, wakalaumu mama wa watoto. Maji hawakuyalaumu, kwa sababu maji ya Igholwa ni matamu.

Na matamu kuliko yote yalitoka kisima cha Mkuyuni. Desturi ya pale, mwanamke akijifungua, kwa siku arobaini uji wake na maji ya kumnywesha mtoto kwa kijiko lazima yatoke kisima hicho, na huyapeleka mwanamke mmoja aliyechaguliwa. Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa Mwajabu. Hakukuwa na nyumba ya mzazi katika vitongoji vyote vitatu ambayo hakuingia na ndoo kichwani. Alijivunia kazi hiyo, na kwa nini asijivunie? Mjukuu wake Mwatumu alimnywesha mwenyewe, kijiko kwa kijiko.

Siku moja habari zikaja kutoka ofisi ya kata. Kuna wafadhili wanatoa ruzuku kwa kijiji kitakachowaelimisha watu wake juu ya maji yao kwa msaada wa akili mnemba. Wazee wakauliza huyo Mnemba ni mtoto wa nani. Zamda akawaeleza, wakaitikia kwa adabu bila kuelewa.

Zamda ndiye aliyeanza. Aliacha kazi ya mshahara mjini, akarudi nyumbani, akaifundisha akili mnemba kutazama picha ya meno ya mtu na kukadiria amekunywa maji mabaya kiasi gani. Akaifundisha na kueleza mambo hayo kwa Kinyaturu. Ilimchukua miezi saba. Mchumba wake aliyebaki mjini akachoka kusubiri, akaoa mwingine, akamwacha na mimba changa.

Lakini mashine ilitaka kujua ndani ya maji mna nini. Ilibidi maji yachotwe kwenye kitako cha kila kisima, na visima vilikuwa ishirini na viwili. Hango alishuka vyote kwa kamba. Cha mwisho, kile cha Mawe Matatu ambacho kitongoji chake kizima kilikitegemea, kilimporomokea. Walimtoa akiwa bado ameshika chupa. Mguu wa kulia ulibaki hospitali.

Zikabaki picha za meno, na hapo kila kitu kikakwama. Nani afungue mdomo mbele ya simu ili aibu yake ipigwe picha? Wanawake walijiziba kwa kanga, wanaume wakakumbuka wana shughuli. Ndipo Mwajabu aliposimama kwenye mkutano wa kijiji, akawa wa kwanza kufungua mdomo mbele ya simu, kisha akasema, "Zamda anashuku maji ya Mkuyuni ndiyo yanayopinda watoto. Niliyewapelekea ni mimi. Na Mwatumu wangu nimempa. Fungueni midomo, nijue nimewapa kiasi gani."

 Watu wakaanza kujipanga, mmoja mmoja, mpaka wakafika mia sita. Wapo wanawake ambao tangu siku hiyo hawajaitikia salamu ya Mwajabu, na yeye hajawahi kuwalalamikia.

Ramani ikatoka nyekundu kila mahali. Ni madini ya floraidi, na kuchemsha hakuyaondoi. Wafadhili wakaandika barua wakisema bila meno, bila chupa, bila mashine, kusingekuwa na ramani, na kwamba watatu hao wamechangia sawasawa. Ruzuku ikaja. Masomo ya mwaka mzima, na mtambo wa kuchuja maji.

Mmoja. Maji yake yanatosha kaya arobaini, na kila kitongoji kina kaya arobaini. Ndoo ikivuka kwenda kitongoji kingine, ujue imetolewa kinywani mwa mtoto mwingine. Na jina la kitongoji lijazwe kwenye fomu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo mtambo unapelekwa kijiji cha pili.

Kwenye somo la kwanza Mwajabu alikuwa ameuliza kama akili mnemba nayo hunywa. Zamda akakiri kwamba huko mbali kuna majumba ya mashine zake, na hupozwa kwa maji mengi. Mwajabu akauliza kama ni maji safi. Ni safi, bibi, akajibiwa.

Basi hao watatu, walioachiwa kuijaza fomu, wakaiuliza hiyo hiyo akili mnemba mtambo uwekwe wapi. Ikajibu kwa upole kwamba wote wanastahili, na jamii ijadiliane. Hango akacheka, na kicheko chake kiliwaumiza waliokisikia.

Wakajadiliana siku tatu. Mawe Matatu hawana kisima tena, kilianguka kwa ajili ya wote, na sasa wanachota Mkuyuni, penye sumu kali kuliko zote. Majengo ndiko kwenye wachanga wengi zaidi, ambao mifupa yao bado haijaguswa, na Zamda anatarajia kujifungua mwezi ujao. Mkuyuni wamekunywa ubaya kwa miaka mingi kuliko wengine, na huko yuko Mwatumu, miaka minne, miguu imeanza kupinda. Daktari amesema akiyaacha maji hayo sasa, huenda ikanyooka. Akichelewa, basi.

Ijumaa saa tisa, Hango akaisogeza fomu mbele ya Mwajabu.

"Mama, sisi tumeshindwa," akasema. "Wanangu wawili uliwaletea maji ya arobaini. Mama yake Zamda naye ulimletea. Uliyetupa ya kwanza ni wewe. Tupe na haya."

 Zamda aliangalia chini, mkono juu ya tumbo, akaitikia kwa kichwa.

Mwajabu ameshika kalamu. Anamwona Mwatumu akiyumba uani, na anajua ni mkono wake mwenyewe ulioshika kijiko. Ofisa wa wafadhili aliyekuja kuchukua fomu ameshaingia ndani ya gari.

Haya, nimefika mwisho wangu. Wewe uliyesikiliza mpaka hapa, ungeandika kitongoji gani? Na ukishaandika, ungewaambia nini akina mama wa vile viwili vilivyobaki?